Kupenda Tena Baada ya Msiba: Ulinganisho wa Filamu Nne

Anayetafuta filamu ya mapenzi kuhusu mjane au mgane anayependa tena hakosi za kuchagua. Anachokosa ni namna ya kujua ipi itamfaa jioni ya leo na ipi itamtonesha kidonda. Wahakiki huzipanga filamu hizi kwa nyota na tuzo, vipimo ambavyo havimsaidii sana aliyefiwa, wala ndugu anayetaka kukaa naye mbele ya runinga ili ampunguzie upweke. Katika ulinganisho huu nimechukua nne zinazotajwa mara kwa mara, nazo ni Un homme et une femme ya mwaka 1966, Sleepless in Seattle ya 1993, P.S. I Love You ya 2007 na Our Souls at Night ya 2017.

Nimezipima kwa mambo matano: marehemu amepewa nafasi gani katika hadithi, filamu inampa aliyefiwa muda gani wa kuomboleza, watoto, wazazi na majirani wanasema nini, kuna kicheko kiasi gani na machozi kiasi gani, na mwisho, mambo ya kawaida ya sebuleni, yaani lugha, urefu na staha. Sitasimulia miisho, ila nitasema kama mlango umefungwa au umeachwa wazi, kwa kuwa wapo watazamaji wasiostahimili filamu ya mapenzi isiyomalizika kwa watu wawili kushikana mikono.

Hadithi zenyewe kwa ufupi

Un homme et une femme ni ya Kifaransa, na mwongozaji wake ni Claude Lelouch. Anne, anayeigizwa na Anouk Aimée, hufanya kazi katika upigaji wa filamu, na mumewe, aliyekuwa akiigiza matukio ya hatari, alifia kazini. Jean-Louis, anayeigizwa na Jean-Louis Trintignant, ni dereva wa mbio za magari. Mkewe alijiua baada ya yeye kupata ajali mbaya katika mbio za Le Mans, na jambo hilo inafaa lijulikane mapema kwa mtu aliyempoteza mpendwa kwa njia hiyo. Watoto wao wanasoma shule moja ya bweni huko Deauville, na wazazi wanafahamiana Jumapili moja Anne anapokosa treni ya mwisho ya kurudi Paris. Filamu hii iligawana tuzo kuu ya tamasha la Cannes mwaka 1966, kisha ikapata Oscar mbili, ya filamu bora ya lugha ya kigeni na ya mswada.

Katika Sleepless in Seattle, iliyoongozwa na Nora Ephron, Sam ni msanifu majengo ambaye mkewe, Maggie, amefariki kwa saratani. Anahama Chicago pamoja na mwanawe Jonah na kwenda kuishi Seattle, na usiku wa kuamkia Krismasi mtoto anapiga simu katika kipindi cha redio kumwombea baba yake mke mpya. Mwandishi wa gazeti wa Baltimore, Annie, ambaye tayari ana mchumba, anayasikia mazungumzo hayo akiwa garini. Waigizaji wakuu ni Tom Hanks na Meg Ryan.

P.S. I Love You, ya Richard LaGravenese, imetokana na riwaya ya Cecelia Ahern wa Ayalandi. Holly, anayeigizwa na Hilary Swank, anafiwa na mumewe Gerry kwa uvimbe wa ubongo, kisha anagundua kwamba kabla ya kufa mumewe alimwandikia barua za kumwelekeza nini cha kufanya hatua kwa hatua. Our Souls at Night, ya mwongozaji wa Kihindi Ritesh Batra, inatokana na riwaya ya mwisho ya Kent Haruf, iliyochapishwa baada ya kifo chake. Addie na Louis, yaani Jane Fonda na Robert Redford, ni majirani wazee katika mji mdogo wa kubuni wa Holt, jimboni Colorado. Jioni moja mama huyo anabisha hodi kwa jirani yake na kumuuliza kama angekubali kuja kulala kwake, si kwa tamaa ya mwili, bali kwa mazungumzo, maana usiku ndio unaomshinda.

Marehemu amewekwa wapi

Hiki ndicho kigezo ninachokipa uzito kuliko vingine, kwa sababu ndicho kinachozitenganisha filamu hizi hata pale visa vinapofanana. Mapenzi ya baada ya msiba hayana watu wawili tu. Wapo watatu, pengine wanne, na kila mwongozaji hana budi kuamua aliyekufa atakaa wapi.

LaGravenese amempa marehemu usukani. Gerry anazungumza kwa barua, anarudi katika kumbukumbu, anamtuma mkewe kuimba karaoke, kisha anampeleka mpaka Ayalandi, na kwa sehemu kubwa ya filamu Holly anaishi kwa ratiba ya mtu asiyekuwapo. Kwa mtazamaji mmoja hiyo ni faraja kubwa: aliyependwa hivyo hakuachwa. Kwa mwingine ni mume asiyekubali kuachia, na kila barua inamrudisha mjane pale alipokuwa akijaribu kuondoka. Filamu yenyewe inalifahamu swali hilo na inampa mama yake Holly, anayeigizwa na Kathy Bates, nafasi ya kulitilia shaka jambo zima. Ila kitu kinachogusa kuliko barua zote ni kidogo zaidi: Holly anapiga simu ya mumewe ili aisikie tu ile sauti iliyorekodiwa ya kumwomba mpigaji aache ujumbe. Yeyote anayehifadhi jumbe za sauti za marehemu wake kwenye WhatsApp hatahitaji kufafanuliwa.

Lelouch amemweka marehemu ndani ya rangi. Filamu yake huchanganya picha za rangi na zisizo na rangi, jambo lililotokana kwanza na uhaba wa fedha, kwani filamu ya rangi ilikuwa ghali. Lakini uhaba huo ulizaa mbinu. Anne anapomkumbuka mumewe, maisha yao yanakuja na rangi zote, na mume anaimba samba kana kwamba dunia haina matanga, ilhali mazungumzo ya sasa na Jean-Louis mara nyingi ni ya weusi na weupe. Mtazamaji anaona kwa macho yake tatizo la mtu wa pili: atashindanaje na mfu ambaye kumbukumbu imemwondolea kila kasoro? Karibu na mwisho lipo tukio la chumba cha hoteli ambamo kamera inabaki usoni mwa Anne, na bila neno kusemwa tunatambua kwamba chumbani wamo watu watatu. Sijaona filamu nyingine iliyolieleza jambo hilo kwa uaminifu kama huo.

Ephron ni mpole zaidi kwa marehemu, na pia ni mwepesi zaidi. Maggie anamtokea mumewe usiku wa mwaka mpya, ameketi naye kwenye kochi kwa muda mfupi, kisha haonekani tena. Kazi yake kubwa katika hadithi ni kuwa kipimo: Sam anaieleza redio kwamba alijua amempata wake mara tu alipomshika mkono kumsaidia kushuka garini, na kuanzia hapo sisi na Annie tunasubiri mkono wa pili. Ni maelezo mazuri, lakini mtu anaweza kuuliza, tena kwa haki, kama mke wa pili hapaswi kupimwa kwa kipimo chake mwenyewe.

Kwa Batra, marehemu hawaonekani. Wanatajwa tu gizani, watu wawili wakiwa wamelala chali, tena bila kutakaswa. Louis anakiri kwamba aliwahi kumwacha mkewe kwa ajili ya mwanamke mwingine, kisha akarudi nyumbani. Addie naye ana kifo cha zamani zaidi ya cha mumewe, kilichoitia ufa nyumba yake. Sisi tulioambiwa tangu utotoni kwamba marehemu hasemwi vibaya tunaweza kushtuka kidogo, lakini ndoa ndefu huwa na mambo kama hayo, na filamu za mapenzi mara nyingi huyafunika.

Muda wa kuomboleza

Mtazamaji wa huku huja na kalenda yake ya msiba. Mjane wa Kiislamu hukaa eda ya miezi minne na siku kumi, na katika familia nyingine kuna arobaini, kuna kumbukumbu ya mwaka, na kuna ukoo unaohesabu siku hata kama hausemi. Kwa kalenda hiyo, P.S. I Love You ndiyo inayoweza kukera: ujumbe wa kwanza wa marehemu unamfikia Holly wiki chache tu baada ya mazishi, siku ya kutimiza miaka 30, na muda si mrefu anatakiwa kutoka kwenda kustarehe. Hata hivyo, filamu inaenda karibu mwaka mzima, na haimfichi Holly akiwa amejifungia nyumbani bila kuoga wala kufagia, hali ambayo wengi waliofiwa wameipitia.

Sleepless in Seattle inaanzia makaburini, kisha inaruka mwaka mmoja na nusu, kwa hiyo maombolezo makali yamekwisha kupita bila sisi kuyaona. Kilichobaki ni kukosa usingizi, na maelezo ya Sam redioni kwamba kila asubuhi ataamka na kuvuta pumzi mpaka siku atakapokuwa hahitaji tena kujikumbusha kufanya hivyo. Lelouch hahesabu miezi. Anaonyesha tu kwamba Anne bado anamzungumzia mumewe kana kwamba yu hai, kiasi kwamba Jean-Louis anachelewa kutambua kuwa ni mjane. Addie na Louis wamekaa na upweke miaka mingi, na huzuni yao haina tena makali, ina uzito tu.

Watoto, wazazi na macho ya majirani

Hapa filamu ya Batra inatukaribia kuliko zote, ingawa imetoka mbali. Louis anapokwenda kwa Addie mara ya kwanza anapitia mlango wa nyuma ili asionekane, naye Addie anamwambia siku nyingine aje kwa mlango wa mbele. Mtaa unaanza kunong'ona. Wazee wenzake Louis wanamtania wakinywa kahawa, na mtoto wa kiume wa Addie, mtu mzima mwenye matatizo yake, anaukunjia uso uhusiano huo na kutaka mama yake awe karibu naye amsaidie kumlea mjukuu. Ni nani kwetu ambaye hajasikia watoto watu wazima wakimwambia mama yao kwamba kuolewa tena katika umri huo ni kuwaaibisha, wakati kinachowasumbua ni nyumba ya marehemu baba? Filamu haitaji urithi, lakini kugongana kwa mapenzi ya mzee na madai ya watoto kumeonyeshwa bila kumfanya yeyote shetani.

Katika filamu ya Ephron mambo yamegeuzwa: mtoto ndiye mshenga. Jonah, mwenye umri wa miaka minane, anataka baba yake aoe, ila aoe yule anayemtaka yeye, na vituko vyake dhidi ya mwanamke mwingine anayetoka na baba ni vya kuchekesha kwa mtu asiye katika hali hiyo. Mwanamke aliyewahi kuolewa na mgane mwenye watoto huenda asicheke sana. Tuongeze kwamba Annie anamfuatilia mgane wa watu akiwa bado na mchumba, kijana mstaarabu ambaye kosa lake pekee ni kuwa na mzio wa karibu kila kitu. Filamu inajitahidi kuliweka sawa jambo hilo, na mimi naona haikufaulu kabisa.

Watoto wa filamu ya Lelouch hawapingi wala hawapangi chochote. Wapo Jumapili, wanakula na wazazi wao hotelini, wanatembea ufukweni, na uwepo wao unawapa wakubwa kisingizio cha kukutana. Holly hana mtoto. Badala yake ana mama, mdogo wake na marafiki, na filamu inawapa nafasi kubwa, hata ukaribu wa wanawake wakati mwingine unakuwa na nguvu kuliko mapenzi mapya.

Kicheko na machozi

Kwa kicheko, Ephron anaongoza, na machozi yake ni ya kupanguswa kwa kiganja. LaGravenese anachanganya vyote kwa fujo: dakika moja majivu ya marehemu, dakika inayofuata mashua inapoteza makasia ziwani. Wengine huona huko ndiko kufiwa kulivyo, wengine huona mwongozaji ameshindwa kuchagua. Andaa leso. Batra hatafuti machozi kwa nguvu, naye huleta tabasamu zaidi ya kicheko. Lelouch ni mzito, isipokuwa pale Jean-Louis anapogundua kuwa mhudumu wa hoteli amenuna kwa sababu wameagiza chakula kidogo; anamuuliza Anne wafanye nini kumfurahisha, kisha anamwita mhudumu na kumuuliza kama kuna chumba cha kulala. Ni ombi la mapenzi lililofichwa ndani ya mzaha, na ukimya unaofuata mezani unasema mengi.

Kuhusu miisho, ya Ephron imefungwa na kufungwa. Ya LaGravenese na ya Lelouch inaacha matumaini pasipo ahadi. Ya Batra ndiyo itakayozua mabishano sebuleni, kwa kuwa haikupi harusi wala haikupi msiba.

Sebuleni: lugha, urefu na staha

Filamu ya Lelouch ni ya Kifaransa, na asiyekijua atasoma tafsiri chini ya picha. Sauti ya mfasiri wa banda la video, ambayo hunogesha sana filamu za mapigano, ingeiua, kwa kuwa nusu yake ni muziki wa Francis Lai na sauti ya gari mvuani. Wasemaji wa Kifaransa wa Bujumbura au Lubumbashi wako mbele yetu hapa. Nyingine tatu ni za Kiingereza. Kiingereza cha Holly na wenzake ni cha haraka, na lafudhi ya Kiayalandi huongeza kazi.

Kwa urefu, ya LaGravenese ndiyo ndefu, dakika 126, ilhali nyingine zinakaribiana: ya Lelouch 102, ya Ephron 105, na ya Batra haizipiti kwa tofauti ya kuhisika. Kwa staha, ile ya Ephron unaweza kuitazama na wazazi na watoto bila kutafuta rimoti, maana wapenzi wenyewe hawapo pamoja mbele ya kamera kwa zaidi ya dakika chache. Ya Batra ina wazee kitandani, lakini kwa heshima kubwa. Ya Lelouch ina tukio refu la kitandani linaloonyesha zaidi nyuso, na ya LaGravenese ina mume anayevua nguo kwa mzaha, busu nyingi na matusi ya hapa na pale, hivyo si ya kutazama na mkwe.

Our Souls at Night ilitengenezwa na Netflix, na ndiko iliko. Nyingine huhama kutoka huduma moja hadi nyingine kulingana na nchi.

Uanze na ipi

Ikiwa msiba una miezi michache na unataka kulia mpaka ukate kiu, hasa mkiwa wanawake wawili watatu mnaojuana, P.S. I Love You itafanya kazi hiyo. Ikiwa marehemu aliugua muda mrefu kwa ugonjwa wa aina hiyo, tafuta kwanza mtu aliyekwisha kuitazama akuelezee sehemu zinazouma. Ikiwa unachotaka ni jioni isiyoumiza, au unakaa na mtoto ambaye pia amefiwa na mzazi, Sleepless in Seattle ni salama zaidi, mradi umweleze mtoto mapema kwamba kumchagulia baba mke kupitia redioni ni mambo ya sinema.

Aliyeingia katika uhusiano na mjane au mgane, na anahisi anashindana na picha iliyo ukutani, atapata katika Un homme et une femme kitu ambacho tatu zilizobaki hazimpi, yaani kuuona upande wake ukichukuliwa kwa uzito. Ndiyo pia ya kuchagua kwa anayejifunza utengenezaji wa filamu. Aliyefiwa na mtu aliyejiua aikwepe kwa sasa, au aitazame akiwa na mwenzake.

Wazee wanaoishi peke yao, na watoto wao watu wazima, waanze na Our Souls at Night, ikiwezekana wakiwa chumba kimoja. Kama mama ameshaanza kumtaja mtu na ninyi watoto hamjakubaliana, itazameni kwanza ninyi wenyewe, bila yeye, halafu mrudieni na maswali mnayotaka kumuuliza kuhusu huyo mtu.